Fedha ya Mzee na Daftari Lisiloandikwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo ambalo baadhi ya wanachama watalichukia, maana linatuhusu sisi wenyewe wala si Serikali. Kurasa hizi hujaa madai yetu juu ya mishahara na vyeo, na ni haki yetu kudai. Chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, marehemu Martin Kayamba akiwa mbele, na tangu siku zile makarani hatukuona haya kuwauliza wakubwa wetu maswali. Basi leo nawauliza ninyi: ni nani kati yetu awezaye kutoa hesabu ya fedha ya baba yake?

Niliitwa hivi karibuni kuwa msuluhishi katika nyumba ya rafiki yangu, karani mstaafu. Macho yake yamepungua na miguu haimchukui tena. Pensheni yake huingia benki kila mwezi. Kadi ya benki i mikononi mwa mwanawe wa kwanza, mtumishi mwenzetu akaaye mjini, na namba ya siri anayo yeye peke yake. Binti wa tatu ndiye akaaye na mzee kijijini. Ndiye amnyanyuaye usiku, amwogeshaye, afuaye mashuka kila kukicha. Akitaka sabuni hana budi kumpigia kaka yake simu, akitaka maziwa, simu, na kila apigapo huulizwa, "Zile za juzi umezifanyia nini?"

Siku ile ndugu walisutana kutoka asubuhi hata adhuhuri. Wa pili alisema kaka amejengea nyumba kwa pensheni ya baba. Kaka akaapa kwamba huongeza hata mshahara wake mwenyewe. Kisha wote wawili wakamgeukia dada yao, ati watoto wake wanakula unga wa mzee! Nikaomba nionyeshwe karatasi. Haikuwako hata moja. Naye huyu kaka kazi yake ni uhasibu: ofisini hamlipi mtu hata senti pasipo stakabadhi, na vocha yenye kosa dogo huirudisha ilikotoka.

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi barazani, hatua tano kutoka kwetu, akisikia yote. Hapana aliyemwuliza neno. Nikamwendea, nikamwambia, "Ndugu yangu, fedha ni yako. Wewe wataka nini?" Akasema redio yake haina betri tangu mwezi wa Ramadhani, na taarifa ya habari haisikii tena. Ndilo alilotaka. Wanawe walitazama chini.

Najua nitakavyojibiwa. Wako wasemao kwamba ndugu wa tumbo moja hawaandikiani hesabu, na kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Maneno haya husemwa sana na yule ashikaye fedha. Kutoka kwa yule aombaye sabuni sijayasikia. Mtunza fedha wa ofisi haandiki daftari kwa kuwa ni mwizi. Huandika ili siku atakaposingiziwa awe na la kuonyesha. Kaka yule, kama ni kweli aliongeza mshahara wake, amejidhulumu mwenyewe kwa kutoandika. Tena dini yaagiza deni liandikwe.

Wengine husema, "Mimi ndiye nitoaye, kwa hiyo mimi ndiye niamuaye." Kwanza, pensheni si utoaji wako, ni jasho la mzee miaka ya utumishi wake. Pili, tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 twaweza kutuma fedha tukiwa tumelala kitandani, na wengi tumedhani kwamba kutuma ndiko kutunza. Hebu mwenye kutuma aende akakae na mzee majuma mawili tu, amgeuze usiku mara tatu, ndipo arudi atuambie kazi ya dada yake ni ya thamani gani. Mimi nasema usiku ule uandikwe daftarini kama mchango, mbele ya shilingi za wengine.

Liko na jambo la sheria ambalo makarani wengi hawalijui, ingawa huwaandikia watu hati. Hati ya uwakilishi aliyoitia sahihi mzee mwenye akili timamu hukoma akili yake ipoteapo. Hapo huwa ni kazi ya mahakama kumweka msimamizi wa mali. Lakini mashine ya benki haiulizi habari za akili. Mwenye namba ya siri huendelea kuchukua tu, naye hujiona yu salama kwa kuwa anayo karatasi yenye muhuri. Kwa sababu hiyo mashauri haya yafanywe mapema, mzee angali aweza kusema nani ashike fedha yake na kwa kazi gani.

Nyumba ile tulinunua daftari la shilingi chache dukani siku ile ile. Upande mmoja kiingiacho, upande wa pili kitokacho, na jina la aliyechukua. Binti hupewa fungu la mwezi mzima mkononi, asiombe tena sabuni. Mwisho wa mwezi hesabu husomwa kwa sauti mbele ya mzee, na ndugu walio mbali husikiliza kwa simu. Mstari wa kwanza umeandikwa: betri za redio. Kaka alikasirika, akaondoka bila kunywa chai, lakini kadi aliiacha.

Mwanachama atakayeona nimewavunjia watumishi heshima, na aniandikie katika toleo lijalo. Namwomba tu aambatanishe hesabu ya mwezi mmoja ya fedha ya mama yake.

Ni mimi,
Karani wa Zamani