Mabao 17 na Uvivu wa Wachambuzi Wetu

Uandishi wetu wa soka una ugonjwa mmoja: unatunga tabia ya mtu baada ya kuona matokeo. Timu ikishinda, wachezaji wana njaa ya mafanikio na kocha ni fundi. Ikifungwa wiki inayofuata, walewale wameridhika na kocha kaishiwa mbinu. Sisi wasomaji wa riwaya tungemcheka mwandishi anayembadilisha mhusika kila sura ili kisa kiende anakotaka. Kwenye kurasa za michezo tunamwita mchambuzi.

Chukua Mbao FC ya Mwanza. Siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza 2015/16, Geita Gold walishinda 8-0 na Polisi Tabora 7-0. TFF ikazitia hatiani timu hizo na wapinzani wao kwa kupanga matokeo, na Mbao ndio wakapanda Ligi Kuu. Aprili 2017 wakaitoa Yanga 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA pale CCM Kirumba, kwa beki wa Yanga kujifunga. Mwezi uliofuata, fainali Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza, kwa penalti ya Shiza Kichuya ya dakika za mwisho kabisa.

Adhabu ya wengine, bao la kujifunga, penalti ya jioni. Hapo bahati imetoa na bahati imechukua. Lakini kabla ya fainali hiyo Mbao walikuwa wameifunga Yanga tena, 1-0 palepale Kirumba, kwenye ligi ambayo Yanga ndio walikuwa mabingwa wake. Kumfunga bingwa mara mbili ndani ya mwezi si kuokota. Kwa hiyo kulikuwa na kitu pale. Kitu gani? Kiliweza kurudiwa mwakani na wachezaji wengine? Hilo ndilo lilikuwa swali la kuandikia. Badala yake tulipata simulizi za moyo wa simba na wavuvi wasioogopa mawimbi. Mwaka 2020 Mbao wakashuka kwa mchujo mbele ya Ihefu, msimu uleule Alliance nao wakashuka, na jiji likasubiri hadi Pamba iliporejea 2024.

Au George Mpole. Msimu wa 2021/22 alikuwa mfungaji bora akiwa Geita Gold kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, na timu ngeni Ligi Kuu ikamaliza ya nne. Akaenda Lupopo ya Lubumbashi. Vijiweni watu wakagawanyika: huyu ni muuaji wa kuzaliwa, huyu kabahatisha. Bwana, kambi zote mbili zilikuwa zinasoma namba moja tu, 17. Alipiga mashuti mangapi? Mangapi ndani ya boksi? Penalti ngapi? Nani alikuwa anampa mipira? Penalti huingia karibu mara tatu katika kila nne, shuti la kawaida kama mara moja katika kumi. Mtu anayefika kwenye nafasi nzuri kila wiki ataendelea kufunga hata akikaa mechi nne kavu. Anayefunga kwa mashuti ya mbali matatu yaliyogonga mwamba yakaingia, mwakani mwamba utamkataa. Ukiangalia 17 peke yake, huwezi kuwatofautisha.

Wamarekani waligombana sana juu ya hili kwenye besiboli, na Michael Lewis akaliandikia kitabu, Moneyball (2003), kuhusu timu ya Oakland. Huko walikubali jambo gumu: mpira ukishapigwa, kutua mikononi mwa mdakaji au kupita pembeni yake ni bahati tupu mara nyingi. Basi wakatafuta kile ambacho mchezaji hukirudia mwaka hadi mwaka.

Wala hatuhitaji kwenda Oakland. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni hampimi mvuvi kwa usiku mmoja. Anajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki vizuri, anajua usiku wa giza hata mvivu hujaza mtumbwi. Anaangalia nyavu, taa, na giza kadhaa mfululizo, ndipo anatoa hela yake. Jioni mtu huyohuyo anakaa kijiweni na kumfuta straika kwa mechi mbili.

Nitaambiwa soka ni hisia na takwimu zinaua utamu. Utamu wa ile nusu fainali ya Kirumba haupungui hata chembe ukijua bao lilikuwa la kujifunga. Mimi naona unaongezeka. Kinachopungua ni ujasiri wa kumwita mtu shujaa au galasa kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya yeye.

Na gharama yake hailipwi na mchambuzi. Inalipwa na kijana wa Kirumba au Igoma anayevunjiwa mkataba Januari kwa ukame wa mechi tano, na klabu ndogo inayomwaga hela kwa mtu aliyeota mbawa kwa wiki sita. Basi mwandishi wa michezo, kabla hujaandika "kiwango kimeshuka", tuambie kwanza nafasi alizopata zimepungua au hazikupungua. Kama hukuhesabu, andika kwamba timu ilifungwa, uishie hapo.