Mchumia Juani Atalia Wapi?

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri methali hii tangu shule ya msingi, akaitungia insha na kutuzwa alama. Maana yake ya ndani inafahamika: anayejitahidi leo hustarehe kesho. Maana yake ya nje, ambayo walimu wengi huipita kwa haraka, ni kwamba kazi na mti ni majirani. Aliyeitunga alichukulia kuwa kando ya kila shamba pana mti, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kuketi chini yake ale. Kivuli kilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Msomaji na aipime methali hiyo huko Mwihoko, wadi ya eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, saa sita za mchana. Jina Mwihoko ni la Kikikuyu, na maana yake ni tumaini. Wadi jirani huitwa Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Kahawa imebaki katika majina, ilhali mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka ploti. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Kiambu ilikuwa na wakazi 1,623,282. Ile ya 2019 ikapata 2,417,735. Watu hao sharti walale mahali, na kwa hiyo nyumba za ghorofa zimeota palipoota miti. Mwashi hula githeri yake ameuegemea ukuta alioujenga mwenyewe, akikifuata kivuli chake kinavyosogea. Muuza mboga hujikinga kwa mwavuli uliopasuka. Karani naye huondoka alfajiri kwa matatu kupitia Githurai, akarejea usiku. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga nyasi.

Si ajabu basi kwamba Wakenya waliiita kazi ya mafundi wadogo jua kali. Lugha ilikiri ukweli ambao wapangaji wa miji hawakuutaja: kwamba mamilioni huchuma juani, na kivuli hakimo katika mpango. Katika miaka ya 1980 serikali iliwajengea mabanda baadhi ya mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi. Msaada huo ulifaa, lakini banda la mabati si mti.

Kamukunji hiyohiyo ina funzo jingine. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wanawake wenzake walipanda hapo miti saba. Ndio uliokuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Kati ya miti hiyo, michache tu ndiyo iliyosalimika. Mapenzi yalikuwapo, na hotuba zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuitunza. Vuguvugu lilijifunza. Baadaye wanawake wa vijijini walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioishi. Hawakulipwa kwa kupanda; walilipwa kwa uhai wa mti. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Kuipenda asili bila kuiingiza katika ratiba ya kazi ni kuipenda kwa mdomo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na lengo lililowekwa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba ili raia apande mti ilibidi kwanza aachishwe kazi kwa siku moja, kana kwamba kazi na mti ni mahasimu. Siku ya pili yake mwashi alirudi juani, na mche ukabaki peke yake.

Wapo watakaopinga. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 atauliza ni nani atakayemlipa kodi kwa ardhi iliyokaliwa na mparachichi. Swali lake ni la haki, na halijibiwi kwa mashairi. Lakini si kila futi ya Mwihoko ni ya kupangisha. Ziko shule, yako makanisa, ziko kingo za barabara na vituo vya matatu. Mkandarasi anaweza kuandika katika mkataba kwamba wafanyakazi wake watakuwa na kivuli cha kulia, na kwamba nyumba haikabidhiwi kabla ya mti kupandwa langoni. Ofisi inayopanga zamu za kufagia inaweza kupanga zamu za kumwagilia. Mwalimu anaweza kukabidhi kila darasa mti, na kuuliza habari zake mwisho wa muhula kama anavyouliza habari za vitabu.

Idara za Kiswahili nazo hazina udhuru. Wamo wanafunzi wanaochambua taswira ya mvule au mkwaju kwa kurasa kumi, na wakisimamishwa mbele ya mti wenyewe hawautambui. Msamiati usiogusana na kitu chake hunyauka, kama mche usiomwagiliwa. Mhadhara mmoja kwa wiki ukifanyiwa chini ya mti, na kila mwanafunzi akiwajibika kuujua mti huo kwa jina, kwa jani na kwa matumizi, fasihi haitapungukiwa na kitu. Na mti utakuwa umepata wa kuulinda siku shoka litakapokuja.

Kitenzi “hulia” katika methali ile ni kauli ya kutendea ya “kula”. Wanaisimu wanajua pia kwamba kipo kitenzi kingine chenye umbo hilohilo, kile cha machozi. Mwihoko ingali na nafasi ya kuchagua ni kipi kati ya viwili hivyo kitakachosomwa na wajukuu wake.