Gari mpya, bima ya gari iliyokufa

Wenye gari wengi katika miji yetu, gari ya zamani ikiharibika kabisa kwa ajali, wananunua ingine na kubandika kwenye kioo chake karatasi ya bima ya ile ya kwanza. Polisi wa barabarani anaona karatasi, safari inaendelea. Lakini karatasi hiyo inataja plaki ya gari ambayo imekwisha kuwa vyuma. Siku gari mpya itamgonga mwanafunzi au mtu wa pikipiki, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na deni la hospitali litabaki kwa familia.

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS. Leo makampuni ni mengi, na ARCA ndiyo inayasimamia. Kwa hiyo, kabla ya gari mpya kutoka barabarani, mwenyewe apeleke makaratasi ya gari zote mbili kwa kampuni, aulize kama siku zilizobaki zinaweza kuhamishwa, na adai jibu la maandishi. Makampuni nayo yasimchoshe raia kwa «rudi kesho». Bima ni lazima kisheria, si pambo la kioo.