Bastola Kuukuu

Msomaji, katika chuo cha ualimu nifundishako, mwanafunzi mmoja alitusomea insha aliyoitunga mwenyewe. Alisimulia habari za mzee wa Kiingereza apendaye vitu vya kale. Mzee huyo aliingia katika duka la vitu vikuukuu, na chini ya sahani za nyufa na saa zisizokwenda akaona bastola ya Webley iliyoshikwa na kutu. Aliinunua kwa bei ya kutupa, akaisugua kwa mafuta majuma mengi, akaitandikia kitambaa cha mahameli, kisha akaitundika ukutani ivute macho ya wageni. Insha ilikuwa tamu, na darasa zima lilipiga makofi. Mimi mwalimu nilikuwa wa kwanza kupiga. Makofi hayo ndiyo nitakayo kuyarudisha leo.

Sitaki kuidhulumu kazi ya fundi. Bastola ya gurudumu lizungukalo ina historia ya akili nyingi. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola yake nchini mwake mwaka 1836, na tangu hapo mtu mmoja aliweza kufyatua risasi tano au sita pasipo kusimama kushindilia baruti. Webley ya Waingereza iliingia jeshini mwaka 1887, na ile ya namba sita, iliyotolewa mwaka 1915, ilikwenda na maafisa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Hukunjuka katikati, na maganda ya risasi hujitoa yenyewe. Aliyefikiri hayo hakuwa mjinga.

Walakini kila chombo husifiwa kwa kazi yake. Jembe husifiwa kwa shamba, mwiko kwa sima, na jahazi kwa safari. Kazi ya bastola ni moja tu, nayo ni kumtoboa mtu. Kuusifu mpini na mtutu, na kunyamaza juu ya risasi, ni sawa na kuyasifu meno ya mamba pasipo kuwataja waliokwenda mtoni kuteka maji wasirudi. Mzee wa insha yetu aliondoa kutu. Pamoja na kutu aliondoa historia. Hakuuliza hata mara moja bastola ile ilikuwa kiunoni mwa nani, wala ilielekezwa kwa nani.

Sisi wa Kenya tuna sababu ya kuuliza. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alijeruhiwa kwa risasi na kukamatwa huko Nyeri. Hakushtakiwa kwa vita vyote vya msituni. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya Webley Scott, ya kipenyo cha .38, pamoja na risasi zake. Chini ya sheria za hali ya hatari kosa hilo lilitosha kumtia mtu kitanzini. Alihukumiwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti.

Fikiri, msomaji. Chuma cha ukoo mmoja kikiwa kiunoni mwa afisa wa serikali kiliitwa ulinzi. Kikiwa kiunoni mwa mtu wa msituni kiliitwa kifo. Wengi wa wenzake Kimathi hawakuwa hata na hicho. Walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Mpenda vikale wetu angeziona hizo angeziita takataka, maana hazing'ai. Hapo ndipo ubaya wa mapenzi yake ulipo: hupima thamani ya kitu kwa mng'aro wake, na waliokitumia na walioumizwa nacho hawamo katika mizani yake. Na kitu gani tulichokikosa kwa miaka mingi katika habari za Kimathi? Si bastola. Ni karatasi za kesi yake, zilizodhaniwa kuwa zimepotea, hata zikaja kuchapishwa katika kitabu mwaka 2017. Karatasi zile zina maneno ya watu. Chuma hakisemi neno mpaka aulizwe mtu.

Nawasikia wapinzani wangu. Wa kwanza asema, "Bastola kuukuu haimdhuru mtu, ni pambo tu." La hasha! Mtu akizeeka nguvu humwishia, bali bastola ikitiwa mafuta hurudi ujana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 iliwaruhusu watu kuweka silaha za kale kama mapambo. Mwaka 2021 serikali ya huko ililazimika kuikaza, ikaziondoa katika ruhusa hiyo silaha za kale zitumiazo aina saba za risasi, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizitumia. Mapenzi yale yale ya kusugua na kupaka mafuta ndiyo yaipayo silaha uhai wa pili.

Wa pili asema, "Ni mali yake, ameinunua kwa jasho lake." Kununua kitu hakumwondolei mtu wajibu wa kujua kilikotoka. Tena hapa kwetu sheria hairuhusu mtu kuweka bastola pasipo cheti, awe ameinunua au ameiokota.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Asema, "Basi wataka ziyeyushwe zote, watoto wetu wasijue yaliyopita?" Hapana, sitaki hivyo. Taifa lifutalo kumbukumbu za maumivu yake hujiandaa kuumia tena. Vita vya Msumbiji vilikwisha mwaka 1992. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaomba watu watoe silaha zao, na badala yake wapewe majembe, vyerehani na baiskeli. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 msanii aitwaye Kester aliunda kiti cha enzi kwa vipande hivyo, nacho kimo katika makumbusho ya British Museum, London. Akitazamaye kiti hicho hawezi kusahau vita, wala hawezi kuua mtu kwacho. Hiyo ndiyo hifadhi niitakayo: silaha ing'olewe jino, iwekwe mahali pa watu wote, na kando yake iandikwe habari za walioibeba na walioumizwa nayo.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji. Nyumbani kwenu huenda liko jiwe la kusagia lililowalisha watu wa vizazi vitatu, na leo kuku hulilalia. Huenda kuna cherehani iliyowalipia baba zako karo ya shule, nayo imetupwa darini. Nani ameyatandikia hayo mahameli? Si vibaya kupenda vya kale. Vibaya ni kuanza na vilivyoua na kuvisahau vilivyolisha.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu insha yake, nikamwambia aongeze ukurasa mmoja: kabla ya duka, bastola ile ilikuwa mkononi mwa nani? Akaniuliza, "Nibuni, Mwalimu?" Nikamjibu, "Usibuni. Nenda ukasome habari za bastola mojawapo iliyokuwako kweli, kisha uje utusomee." Atakuwa mwalimu mwaka ujao, na watoto arobaini watapiga makofi apigapo yeye. Nami yangu nimeyaweka mpaka atakaporudi na ukurasa huo.