Kabla ya Kusema Ni Jini, Ulizeni Ameacha Nini



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, juma hili tunaleta mbele yenu kosa letu wenyewe, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwaachia wanafunzi wake walirudie.

Miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, kijana mmoja wa hapa Mjambere alitungoja mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Isha. Kazi yake ilikuwa bodaboda. Mwaka uliotangulia alifiwa na babake, akaingiwa na huzuni ambayo haikumtoka hata mamake alipomaliza eda: hali, halali, hasemi na mtu. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi, na kwa uwezo wake Mola akarudi kuwa yule tuliyemjua. Sasa alikuwa na swali. "Sheikh, mimi nimeshapona, na Ramadhani ndiyo hii. Vidonge niendelee navyo au niache?"

Tulimjibu upesi, kama mtu aulizwaye jambo analolijua. Tulimwambia kwamba Qur'ani ni shifaa, kwamba funga ni tiba, na kwamba aliyepona hana haja ya dawa. Akatubusu mkono, akaenda zake, na usiku ule ule akavitupa vidonge.

Siku ya tatu kichwa kilianza kumzunguka. Ya nne, akigeuza macho tu, alihisi mshtuko kichwani kama aliyeshika waya wa umeme. Usiku alitoka jasho na kuota ndoto za kutisha. Mchana alilia bila sababu na kuwakaripia wadogo zake kwa jambo lisilo na uzito. Siku moja ilibaki kidogo aanguke na pikipiki, abiria yuko nyuma. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kijana ameshakuwa teja, na ile ni arosto. Nyumbani wakasema ni majini yaliyokuwa yamelala, sasa yameamka. Tukaitwa. Tulimsomea usiku tatu mfululizo, na kombe akanywa, na hakuna katika sisi aliyekumbuka kuwa mwezi wenyewe ni ule tunaofundisha kwamba mashetani hufungwa minyororo. Usiku wa tatu mamake alituambia neno ambalo hata leo linatuchoma: "Sheikh, mwanangu juma moja nyuma alikuwa akicheka."

Aliyetufumbua macho ni jirani yao, muuguzi mstaafu, aliyekuja kumjulia hali. Hakuuliza kijana kafanyiwa nini wala na nani. Aliuliza, "Ameacha nini?" Chumba kizima kilinyamaza, na sisi tuliojua jibu ndio tuliochelewa kulitoa.

Tangu siku ile tumejifunza kwa madaktari yale ambayo tungalipaswa kuyauliza kabla ya kufungua kinywa. Huzuni nzito ya namna ile wataalamu huiita sonona, na vidonge vyake hufanya kazi katika ubongo. Vingi kati yake huifanya kemikali iitwayo serotonini, ambayo ubongo huitumia kupelekea habari, ikae muda mrefu zaidi mahali pake pa kazi. Mtu akivimeza kwa miezi au miaka, ubongo nao hujipanga upya kulingana na hali hiyo. Vikiondolewa kwa siku moja, ubongo hubaki umejipanga kwa ajili ya kitu ambacho hakipo tena, na mpaka ujirekebishe, mwili mzima huyumba.

Jambo hili si geni kwa tiba. Dawa ya kwanza ya aina hii ni imipramini, ambayo tabibu wa Uswisi, Roland Kuhn, aliiandikia mwaka 1957. Haikupita miaka mingi madaktari wakaandika kwamba wanaoiacha ghafla husumbuka. Na katika mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet Psychiatry, yaliyokusanya tafiti 79 na wagonjwa zaidi ya 20,000, karibu mtu 1 kati ya 3 walioacha dawa hizi alipata dalili. Hata katika walioacha vidonge vya bandia visivyo na dawa ndani, takriban 1 kati ya 6 alilalamika, maana hofu nayo ina nguvu zake. Waliopata dalili kali walikuwa kama 1 kati ya 35. Basi si kila mtu huteseka, na wengi hupita kwa usumbufu mdogo. Lakini yule mmoja anayeteseka, anateseka kweli, na kumwambia kwamba ni mawazo yake tu ni kumdhulumu.

Dawa zenyewe hazilingani. Paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini upesi, na dalili zake huweza kuanza baada ya siku moja au mbili. Fluoksetini hutoka polepole mno, hivyo mtu huweza kudhani amesalimika, kisha dalili zikamjia majuma kadhaa baadaye.

Mtu atajuaje kwamba hiki ni kilio cha mwili ulionyang'anywa dawa, na si sonona yenyewe iliyorudi? Madaktari hutazama mambo matatu. La kwanza ni wakati: dalili za kuacha dawa kwa kawaida huja ndani ya siku chache, ilhali sonona hurejea taratibu, baada ya majuma au miezi. La pili ni sura ya dalili: kizunguzungu, kichefuchefu na ule umeme wa kichwani si desturi ya sonona. La tatu ni kwamba dawa ikirudishwa, dalili za kuiacha hutulia kwa siku chache, hali sonona iliyorudi huchukua majuma kutibika. Kijana wetu alikuwa na yote matatu. Daktari alimrudishia dawa yake, na kabla ya juma kwisha umeme ulikoma.

Wala huu si uteja. Teja huitamani dawa yake, huiongeza kila uchao, huiuzia hata vyombo vya mamake. Mwenye vidonge vya sonona havitamani. Hutaka kuachana navyo, ila mwili haujawa tayari. Kumpachika jina la teja mtu anayetibiwa ni kumsingizia, na sisi sote tunajua uzito wa kusingizia.

Basi dawa hizi huachwaje? Mtazameni mkwezi. Hupanda mnazi kwa vidato, na hushuka kwa vidato vile vile. Hatujapata kumwona mkwezi mwenye akili akiruka kutoka kileleni kwa kuwa madafu yameshaangushwa. Daktari humpunguzia mgonjwa kiasi kidogo, akamwacha atulie majuma kadhaa, ndipo akapunguza tena. Akiyumba sana, humrudisha kidato cha juu yake apumzike, na kurudi huko si kushindwa.

Lakini kuna mahali ambapo mfano wetu unageuka. Mkwezi akikaribia ardhi huweza kuruka. Kwa dawa hizi, karibu na ardhi ndipo pa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hata kipimo kidogo hushika sehemu kubwa ya mahali pake pa kazi ubongoni. Kutoka miligramu 20 hadi 10 huweza kuwa hatua nyepesi kuliko kutoka 5 hadi kutomeza kabisa. Kwa hiyo vidato vya mwisho huchongwa vidogo zaidi. Kumeza leo na kuruka kesho, kama wafanyavyo wengi wakidhani ndiyo kupunguza, huuyumbisha mwili juu na chini. Wala msivunje kidonge au kufungua kapsuli kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vingine vimetengenezwa ili viyeyuke polepole na havifai kukatwa.

Wakati pia huchaguliwa. Mwenye msiba nyumbani, mwenye mtihani au mwenye kesi asianze kushuka juma hilo. Na mwezi wa Ramadhani si wa kuacha dawa kwa ajili ya funga. Mwenyezi Mungu ametaja ruhusa ya mgonjwa katika aya zile zile zilizofaradhisha funga. Zaidi ya hayo, kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa wakati wa daku au baada ya futari. Muulizeni daktari mwezi wa Shaaban, msingoje mwandamo.

Wapo wanaoacha bila kukusudia. Mjambere na Port Reitz ni mbali. Kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ile, mtu huvuka Daraja la Nyali, akapita kisiwani, akavuka Makupa, ndipo aingie Changamwe, na nauli ni kwenda na kurudi. Siku ya kuchukua dawa ikigongana na siku ya kukosa nauli, vidonge huisha, na nyumba husema mgonjwa amebadilika. Basi hesabuni vidonge vikiwa vimebaki vya siku 10, si 1. Na hapa tunasema na kamati za misikiti yetu: nauli ya mgonjwa ni sadaka kama zilivyo sadaka nyingine.

Ninyi wa nyumbani mna kazi yenu. Mwekeeni mgonjwa daftari, aandike kila siku amemeza kiasi gani na amehisi nini, ili daktari apate la kusoma. Akiwa na kizunguzungu, asipande pikipiki, asikwee ngazi, asiachwe na jiko la moto peke yake. Akikaripia, jueni ni mwili unaosema. Mpeni maji, mwacheni alale, tembeeni naye jioni. Bi Aisha (R.A.) alikuwa akiamuru wagonjwa na wafiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa. Uji huo haushiki mahali pa kidonge. Nao una mahali pake.

Liko jambo moja lisilongoja miadi. Mgonjwa akisema hataki kuishi, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Msifiche. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu.

Mwisho tunasema nanyi, maimamu na walimu wenzetu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi. Humo alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu, akaieleza hii ya pili kuwa chanzo chake kimo mwilini na kutaka mwili utibiwe. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia hadi macho yake yakawa meupe, wala hakuna aliyethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Someni ruqya, nasi tunaisoma bado. Haijapata kugombana na kidonge. Lakini mtu akiwajia na swali la dawa, mwambieni aliulize kwa aliyemwandikia. Na mkiitwa usiku kwa aliyebadilika ghafla, kabla ya kufungua msahafu ulizeni swali la yule muuguzi.

Kijana wetu alianza kushuka upya baada ya Idi, mara hii akiongozwa na daktari. Ilimchukua miezi 9, na mara mbili alirudi kidato cha juu. Ramadhani iliyofuata alifunga bila kidonge. Wengine hawatashuka kamwe, kama mwenye kisukari asivyoacha dawa yake, na hilo si aibu mbele ya Mola wala mbele ya watu. Sisi tulikwenda kwa mamake tukamwomba radhi. Alitusamehe, akatuandalia na chai. Kisha akasema, "Basi waambie na wengine, Sheikh." Ndiyo haya tuliyowaambia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuepushe na jibu la haraka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.