Fungurume: mwili unapimwa kwa ajili ya kazi, mwenyewe hajipimi

Katika migodi mikubwa ya jimbo la Lualaba, mfanyakazi hupita kwa daktari kabla ya kuandikwa kazini, kisha hurudi tena kila baada ya muda. Anapimwa uzito, macho, masikio, presha. Mwishoni jibu ni neno moja kati ya mawili: “apte” au “inapte”. La pili linaweza kumrudisha mtu nyumbani. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mtu mlangoni mwa daktari akiomba Mungu presha ishuke kwa dakika kumi tu.

Kipimo hicho ni cha lazima na kina faida yake. Lakini kinajibu swali la mwajiri. Swali la mwenye mwili, yaani kama moyo wake una nguvu kuliko mwaka jana au umedhoofika, linabaki bila jibu. Mchezaji wa TP Mazembe ana mtu wa kumpima pumzi na kumpangia mazoezi. Mwenye fedha Lubumbashi anamlipa kochi wake. Dereva wa kamioni ya mgodi Fungurume, anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, hana hata mmoja.

Wengi watajibu kwamba kazi yenyewe ni spoti. Hapo ndipo kuna kosa. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inataja saa 45 kwa juma na 9 kwa siku, lakini migodini zamu ya saa 12 si kitu kigeni, na dereva anaipitisha akiwa amekaa. Mchimbaji wa mikono naye anatoka shimoni na mfuko mgongoni, mgongo umepinda, hana siku ya kupumzika. Utafiti wa Copenhagen uliotolewa mwaka 2021, juu ya watu zaidi ya 100 000, ulionyesha kwamba wanaofanya mazoezi wakati wa mapumziko hupata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko wengine, lakini wenye kazi nzito ya mwili huupata zaidi. Kubeba mizigo kutwa kunachosha moyo bila kuupa nafasi ya kujijenga. (Bukari na tomsoni wa jioni wasilaumiwe kwa kila kitu.)

Kujipima hakuhitaji mashine. Madaktari wa michezo wanaotumia Kifaransa wana kipimo cha zamani kinachoitwa Ruffier. Mtu anakaa dakika chache, anahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kisha anachuchumaa na kusimama mara 30 ndani ya sekunde 45. Anahesabu mapigo mara tu anapomaliza, halafu tena baada ya dakika moja ya kupumzika. Mara hizi mbili anahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Anajumlisha hesabu zote tatu, anatoa 200, anagawa kwa 10. Mwenye 80, 136 na 104 anapata 12. Kati ya 0 na 5 ni vizuri, kutoka 5 hadi 10 ni wastani, juu ya 10 moyo ni dhaifu, juu ya 15 ni hatari ya kutazamwa. Mwenye homa, maumivu ya kifua, kizunguzungu au presha ya juu asijaribu kabla ya kuonana na daktari.

Sehemu kubwa ya kazi ya kochi ni hiyo: kupima, kutoa mazoezi yanayolingana na namba, kupima tena baada ya majuma sita au nane. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na tangu mwaka 2020 linakubali hata vipande vifupi vihesabiwe. Aliye katika zamu ya usiku alale kwanza. Dakika zake 20 zinaweza kusubiri mchana.

Lakini atatembea wapi? Kando ya barabara ya Likasi na Kolwezi, makamioni yenye shaba na kobalti yanapita yakielekea Kasumbalesa, na vumbi linabaki kwa wakaaji. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, na 15 % ya mrahaba wa madini inakwenda kwa serikali za mahali. Fedha hizo hujenga shule na visima, ni haki. Uwanja wenye njia iliyopimwa kwa mita, mbali na makamioni, wenye taa kwa wanaotoka zamu, ungegharimu kidogo kando ya hayo.

Pembeni yake akae muuguzi mwenye kipimo cha presha, jioni mbili kwa juma, na sharti moja liandikwe mlangoni: namba ni za aliyepimwa, hazipelekwi kwa mwajiri. Bila sharti hilo, wafanyakazi walioandikwa na kampuni ndogo za kukodisha watu, ambao mkataba wao unaweza kukatwa wakati wowote, hawatakanyaga pale.