Mbele ya kuua mbwa, tuangalie kwanza ule uvimbe



Wenye walikuwa ku mukutano wa mwezi uliopita wanakumbuka ginsi sauti zilipanda juu ya mambo ya mbwa. Tulikuwa tumemaliza hesabu ya mbegu ya maharagi, watu wameanza kusimama, njo baba moja wa upande wa bonde akasema: «Mbele tutoke, tukate neno. Zile mbwa zenye kutoka damu chini na ku pua, tuziue zote. Ni ugonjwa wa kuambukiza. Leo iko kwa mbwa, kesho itaingia kwa mbuzi, kisha kwa watoto.» Wengi walipiga mikono. Mimi sikusema kitu ile siku, na nilirudi nyumbani na haya, sababu moja ya zile mbwa ni yangu. Tuliacha neno bila kulikata, lakini mukutano unaokuja njo utalikata. Kwa hiyo naandika.

Yule baba alisema kweli ku neno moja: ule ugonjwa unaambukiza. Lakini hauingii kwa mbuzi, hauingii kwa mutu. Na neno lenye hakulijua, hata mimi sikulijua mwaka jana, ni kama ule ugonjwa ni kanseri, na kama kati ya kanseri zote za mbwa, hii njo inapona vizuri kupita zingine.

Niwaeleze ginsi nilijua. Mbwa yangu, tunamuita Mulinzi, ana miaka ine. Usiku analala ku mulango wa kiraro cha mbuzi, na wakati mahindi inakomaa tunamupeleka shambani kufukuza nyani. Kisha mavuno ya mwezi wa kwanza, bibi yangu aliona matone ya damu fasi mbwa anapenda kukaa. Kila mara anajilamba chini. Nilifikiri ni kidonda cha kupigana. Nilienda kwa muuzaji wa dawa ya soko, akamupiga sindano ya antibiotiki mara tatu, juma tatu. Kila mara damu inapunguka siku mbili tatu, kisha inarudi. Jirani wakasema ni sumu, wengine wakasema mambo ingine yenye siwezi kuandika hapa.

Muganga wa wanyama alikuja kwetu kwa chanjo ya mbuzi, si kwa mbwa. Nilimuomba tu aangalie. Alivaa ganti, tukamufunga Mulinzi kinywa na kamba, akarudisha ile ngozi nyuma. Ndani kulikuwa uvimbe mwekundu, umekatika-katika kama shufleri, ukigusa kidogo unatoka damu. Alisema mara moja kile anafikiri, lakini hakuniuzia dawa. Alichukua kile kioo kidogo cha labo, akakibandika juu ya uvimbe, akakiacha kikauke. Ku sentre ya afia waliipaka rangi ya Giemsa, ile ile wanatumia kwa kutafuta malaria ndani ya damu ya watoto wetu, na yeye mwenyewe akaangalia ndani ya mikroskopu. Aliona selile za mviringo, zimejaa, na ndani yake matundu madogo meupe kama povu. Alinipatia mimi pia niangalie. Nitasema kweli, niliona madoa ya zambarau tu. Lakini kwa mutu mwenye alisomea, zile matundu ni alama.

Nakaa juu ya ile kioo sababu iko kati ya mabishano yetu. Si kila damu ni kanseri. Mbwa mwenye kupe mingi anaweza kutoka damu ku pua kwa ugonjwa wa kupe, na ule unatibiwa kwa dawa ingine kabisa. Jike anaweza kutoka usaha na damu kwa sababu kizazi kimeoza, na yule anahitaji kupasuliwa upesi. Na kuko damu ya kawaida ya jike wakati anatafuta dume. Tukisema «mbwa wote wenye kutoka damu», tutaua hata wale hawana ugonjwa. Kioo moja, rangi kidogo, na mikroskopu yenye iko tayari ku sentre ya afia: hiyo si mambo ya Ulaya.

Sasa, ginsi gani kanseri inaweza kuambukiza? Kanseri zingine zote tunazozijua, za mbwa ao za mutu, zinazaliwa ndani ya mwili wa mwenyewe na zinakufa pamoja naye. Hii si hivyo. Selile zenyewe za uvimbe zinaruka kutoka mbwa moja na kukamata ndani ya mwingine, kama vile shina la muhogo unalikata huku unalipanda kule. Zinapita zaidi wakati dume na jike wanapandana. Zinapita pia wakati mbwa anamunusa ao anamulamba mwenzake, njo sababu wengine wanapata uvimbe ndani ya pua ao ndani ya kinywa. Daktari moja wa Urusi, Novinsky, alionyesha tangu 1876 kama unaweza kuhamisha uvimbe kutoka mbwa moja kwa mwingine. Na mwaka 2019, watafiti wenye waliongozwa kutoka Cambridge, Uingereza, walichapisha kazi juu ya vimbe 546 vya mbwa za inchi 43. Waliona kama zote ni za ukoo moja. Zilitoka kwa mbwa moja tu, mwenye aliishi Asia, kati ya miaka 4.000 na 8.500 iliyopita. Yule mbwa alikufa zamani, lakini selile zake zinaendelea kutembea dunia nzima, na moja ya matawi yake ilifika kwa Mulinzi, ku mulango wa kiraro changu. Mimi niliposikia hiyo nilikaa kimya kwanza.

Dawa yake inaitwa vinkristini. Inapita ndani ya mushipa, mara moja kwa juma, na mbwa wengi wanahitaji sindano ine mpaka sita. Kwa kawaida uvimbe unaanza kupunguka kisha sindano ya kwanza ao ya pili. Mbwa zaidi ya tisa kati ya kumi wanapona kabisa wakimaliza. Kwa kanseri, hesabu kama hiyo ni ya nadra sana. Wachache wenye hawapone kuko dawa ingine, lakini ni ya bei na inaweza kuumiza roho ya mbwa, hapo muganga njo atapima.

Ile vinkristini inatoka ndani ya maua. Mumeiona wote: kale kaua ka pinki ao keupe, kako na jicho katikati, wamama wanakapanda mbele ya nyumba. Kwao ni Madagaska. Nasema hii kwa woga, sababu nawajua ndugu zangu. Musichemushe yale majani! Yana sumu mingi mbalimbali ndani yake, na ile dawa inatoshwa ku kiwanda, kwa vipimo vya miligrama. Mbwa mwenye atanyweshwa ule mutuzi anaweza kufa, na mutoto mwenye ataunywa vilevile.

Hata ile dawa ya chupa si ya kucheza nayo. Ikitoka inje ya mushipa, nyama ya muguu inaoza. Inashusha selile nyeupe za damu, kwa hiyo mbwa anaweza kushikwa na ugonjwa mwingine hapo katikati. Inakaa ndani ya frigo. Mama mwenye mimba asiiguse, na siku chache kisha sindano watoto wasishike mikojo wala mavi ya mbwa. Kwa hiyo si kazi ya muuzaji wa soko, hata kama ni rafiki yetu. Si kazi yangu, hata kama nimeiona mara ine. Ni sindano ya muganga, na kipimo anakihesabu kwa uzito wa mbwa. Famasi kubwa za mujini zinaweza kuwa nayo kwa sababu ni dawa ya watu pia: OMS iliiweka ndani ya orodha ya dawa za lazima, na inatumika kutibu watoto wenye kanseri ya damu na wale wenye ule uvimbe wa taya unaoitwa Burkitt.

Hapa najua mama fulani atasimama na kuuliza: «Mutoto anafukuzwa ku masomo sababu ya minerval, na wewe unatibu imbwa?» Ni swali la haki. Bibi yangu mwenyewe aliniuliza hivyo, usiku, taa imezimwa. Nilimujibu kama minerval inatoka ndani ya mbuzi, na mbuzi njo Mulinzi anachunga. Matibabu yote, kioo, dawa na njia ya muganga, ilinilia chini ya bei ya mbuzi moja. Mwaka wenye hatukuwa na mbwa, wezi walichukua mbuzi tatu ndani ya usiku moja. Jibu langu halikumupendeza sana lakini alikubali. Mutu mwenye hana mbuzi, mwenye mbwa yake ni ya kutembea tu, anaweza kuwa na jibu lingine, na sitamuhukumu.

Na si kila kanseri ninaitetea hivi. Mbwa mwenye uvimbe wa mufupa wa muguu, anayelia usiku, ao jike mzee mwenye vimbe vya maziwa vimepasuka na anahema kwa shida sababu imefika ku mapafu: huyo, muganga akimulaza kwa sindano, ni huruma. Uvimbe wa maziwa ungali mudogo unaweza kutoshwa kwa kupasua, lakini usingoje mpaka ulingane na embe. Kwa mapaka ni mubaya zaidi: vimbe vya maziwa vya paka, zaidi ya nane kati ya kumi ni kanseri ya kweli. Paka mweupe, ukiona ncha ya sikio ina kidonda kisichopona, ni jua linamuchoma. Ikikatwa mapema ile ncha, anapona na anaendelea kulinda gunia zenu za mahindi, hata kama sura imeharibika.

Turudi ku neno la kuua. Tuseme tumeua mbwa kumi na mbili zenye kutoka damu. Zile za kijiji cha ngambo hazitajua kama tumepiga kura. Zitakuja, sababu majike wetu wanaziita, na zitaleta uvimbe ule ule. Zaidi ya hiyo, mbwa zetu zimepata chanjo ya kichaa. Zile zitakuja pengine hazina. Kichaa cha mbwa kinauza roho za watu, kanseri hii haiui mutu hata moja. Inaonekana fasi mingi kama kuua mbwa hakumalizi kichaa. Chenye kinakimaliza ni chanjo, ikifika kwa mbwa saba kati ya kumi. Tutakuwa tumefukuza chui mudogo na kufungulia mukubwa mulango. (Na tafazali, mbwa mwenye kubadilisha tabia, kutoka mate, kuuma-uma bila sababu, musifungue kinywa chake kutafuta uvimbe. Mukae mbali naye, muite muganga.)

Chenye nitaomba ku mukutano ni hiki. Muganga atarudi kwa chanjo ya mbuzi. Ile siku, kila nyumba ilete mbwa yake kwa kamba, aangalie chini, pua na kinywa. Zenye kuwa na uvimbe, apige kioo. Tukiwa mbwa tano ao sita siku moja, chupa moja ya dawa inagawanyika na njia ya muganga tunailipa pamoja. Peke yangu nililipa chupa nzima na mabaki ikatupwa. Tunaweza kuitosha ndani ya likelemba, mwenyewe wa mbwa arudishe kidogo kidogo kisha mavuno. Mpaka hapo, mbwa mugonjwa afungwe, na kila jike mwenye kutafuta dume afungwe ndani, si ku muti wa inje fasi madume wanafika. Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike kungesaidia zaidi ya yote, lakini hiyo inahitaji pesa yenye hatuna mwaka huu, na sitaki kudanganya mutu.

Mulinzi amebakiza sindano moja, siku ya ine ya juma hili. Uvimbe umebaki kama punje ya maharagi, na damu haijatoka tangu sindano ya pili. Nitakuja naye ku mukutano, amefungwa kamba. Mwenye anataka kuangalia, ataangalia mbele tupige kura.